Waya Nyembamba Ndani ya Dohani: Vumbi Linalonaswa na Vumbi Linalofika Mapafuni

Mtu anayeishi karibu na kiwanda cha saruji hupima hewa yake kwa macho. Asubuhi huitazama dohani. Akiona moshi mzito husema leo hali ni mbaya, na akiona anga nyeupe hushukuru. Hutazama pia mabati ya paa lake, majani ya mwembe na nguo alizoanika. Vipimo hivi si vya kudharauliwa, kwa kuwa vumbi lililotua juu ya bati ni ushahidi usiopingika. Lakini kwa daktari na muuguzi vina upungufu mmoja mkubwa: vumbi linaloonekana kwa macho kwa sehemu kubwa haliingii ndani kabisa ya mapafu, na vumbi linaloingia ndani kabisa ya mapafu kwa sehemu kubwa halionekani.

Kati ya tanuri na dohani ya kiwanda kikubwa huwekwa mtambo wa kunasa vumbi. Viwanda vingine hutumia mifuko mikubwa ya kitambaa, inayochuja gesi kama kichujio cha chai. Vingine, hasa vya saruji, vya chuma, vya karatasi na vya kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, hutumia umemetuamo, yaani nguvu ileile inayofanya chanuo la plastiki lililopitishwa kwenye nywele kavu livute vipande vya karatasi. Makala haya yanauzungumzia mtambo huu wa pili, na zaidi umbo la elektrodi zake. Umbo hilo huonekana kuwa jambo la wahandisi peke yao, lakini ndilo linaloamua ni vumbi la aina gani litakalobaki kiwandani na ni lipi litakalotoka kwenda kwa majirani. Mhudumu wa afya anayelifahamu atajua maswali ya kumwuliza mgonjwa anayekohoa, na mgonjwa atajua ni habari zipi za kumpelekea daktari.

Sindano na kidole

Ndani ya mtambo, gesi yenye vumbi hupita polepole kati ya mabamba ya chuma yaliyosimamishwa wima kwa safu, kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa kidogo. Mabamba hayo huweza kuzidi kimo cha mita 10, na nafasi kati ya bamba na bamba huwa takribani sentimita 20 hadi 40. Katikati ya kila nafasi huning'inizwa elektrodi nyembamba. Mabamba huunganishwa na ardhi. Elektrodi nyembamba hupewa umeme hasi wa msongo mkubwa, kwa kawaida kati ya kilovolti 30 na 100.

Kwa nini elektrodi hizo ziwe nyembamba? Wahudumu wa afya wanalo jibu mikononi mwao kila siku. Nguvu inayosukumwa kwa ncha ya kidole haidhuru ngozi. Nguvu hiyohiyo ikikusanywa kwenye ncha ya sindano hupenya. Uga wa umeme nao ndivyo ulivyo. Juu ya bamba pana hutawanyika, na kando ya waya nyembamba au ncha kali hujikusanya hadi kuzivunja molekuli za gesi zilizo karibu. Elektroni huchomoka, hugongana na molekuli nyingine, na kuzaa ioni kwa wingi. Gizani, jambo hili huonekana kama mng'ao wa zambarau ulioizunguka waya. Wataalamu huuita korona. Ioni hasi hukimbilia mabamba, na njiani huzikuta chembe za vumbi na kuzing'ang'ania. Chembe iliyobeba chaji ya kutosha huvutwa hadi kwenye bamba, hutua, na kujenga tabaka. Kila baada ya muda nyundo hugonga mabamba, na tabaka hilo hudondoka katika faneli iliyo chini.

Ugumu uko katika kipimo. Waya nene mno haitoi korona. Uga mkali mno huruka kutoka waya hadi bamba kama cheche, na cheche inaporuka msongo huanguka kwa kitambo, na kwa kitambo hicho vumbi halikamatwi. Mhandisi hutaka mng'ao ulioenea sawasawa kwa urefu wote wa elektrodi, huku msongo ukiwa karibu sana na ule wa cheche bila kuufikia mara kwa mara. Sehemu moja tu ambapo waya imepinda na kulikaribia bamba hutosha kuirudisha nyuma sehemu nzima ya mtambo, kwa sababu cheche huchagua penye nafasi finyu kuliko kote.

Jioni moja huko California

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko ufanisi wake. Katikati ya miaka ya 1880, mwanafizikia Mwingereza Oliver Lodge alishirikiana na wenye kiwanda cha kuyeyusha risasi huko Bagillt, kaskazini ya Wales, kujaribu kunasa moshi wa risasi kwa umeme. Moshi huo ulikuwa hasara na sumu kwa wakati mmoja. Jaribio lilishindwa: mashine ya Wimshurst, iliyozungushwa ili kuzalisha umeme tuamo, haikuwa na nguvu ya kazi hiyo, na vumbi la risasi lenyewe ni gumu kunaswa.

Aliyefanikiwa ni Frederick Gardner Cottrell, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha California, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1908. Cottrell alikuwa akishughulika na ukungu wa asidi ya salfuriki, na elektrodi zake zenye ncha za chuma zilimsumbua: ncha moja iling'aa, ya pili ikanyamaza, ya tatu ikatoa cheche. Jioni moja, mwanga wa jua ukiwa umefifia kiasi cha kuonekana kwa mng'ao hafifu, alitambua kuwa mng'ao uliokuwa mzuri na sawasawa kuliko wote haukuwa kwenye ncha zake. Ulikuwa kwenye waya ya kawaida iliyofunikwa kwa uzi wa pamba, iliyokuwa ikileta umeme tu kutoka kwenye transfoma. Vinyweleo vya pamba, vikiwa na unyevu kidogo, vilikuwa maelfu ya ncha ndogo kuliko ncha yoyote ambayo fundi angeweza kuinoa.

Kutokana na hapo zilizaliwa elektrodi zenye vinyweleo. Pamba haivumilii asidi ya moto, hivyo ikabadilishwa kwa asbesto au maika. Msomaji wa leo atashtuka kuona asbesto ikitumika kusafisha hewa, lakini madhara yake hayakuwa yakifahamika kama tunavyoyafahamu sasa. Kiwanda cha kusafishia madini cha Selby, kando ya ghuba ya San Francisco, ambacho wakulima wa jirani walikuwa wakikilalamikia kwa moshi wake, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuutumia mtambo huo. Miaka michache baadaye wenye mashamba ya michungwa karibu na Riverside, pia huko California, walikishtaki kiwanda cha saruji kwa vumbi lililotanda juu ya miti yao. Walter Schmidt, aliyekuwa mwanafunzi wa Cottrell, akaachana na vinyweleo na kutumia waya tupu nyembamba, ambayo ilistahimili vumbi la moto la saruji. Umbo hilo ndilo lililoenea ulimwenguni.

Inafaa kukumbuka kwamba aliyewasukuma wenye viwanda hivyo viwili hakuwa daktari. Alikuwa mkulima aliyeona mazao yake yameharibika na kwenda mahakamani. Mapafu yalikuja kuhesabiwa baadaye sana.

Cottrell hakujitajirisha kwa hataza zake. Mwaka 1912 alizikabidhi kwa shirika lililoitwa Research Corporation, ambalo mapato yake yalikwenda kugharimia utafiti wa sayansi. Shirika hilohilo ndilo lililosimamia hataza ya nistatini, dawa ya fangasi iliyogunduliwa na Elizabeth Hazen na Rachel Brown, ambayo wengi wetu tumewapa watoto wenye utando mweupe mdomoni.

Waya inapokatika

Waya ya Schmidt, ambayo katika mitambo mingi huwa na kipenyo cha milimita mbili au tatu na huvutwa chini na uzito wa chuma, ina udhaifu mmoja. Hutikiswa na gesi, huliwa na cheche mahali palepale kila siku, na hatimaye hukatika. Kipande kilichokatika huliegemea bamba na kuunganisha umeme na ardhi, na sehemu nzima iliyokuwa ikitegemea njia hiyo ya umeme huzimika. Mtambo huendelea kuunguruma na dohani huendelea kutoa moshi ambao kwa mbali hauonekani kubadilika sana. Kilichobadilika ni kiasi cha vumbi laini linalopita. Kwa sababu hiyo mitambo mingi ya miaka ya karibuni hutumia elektrodi ngumu: mabomba au fito za chuma zenye miiba iliyopangwa kwa mpango maalumu. Miiba hufanya kazi ya vinyweleo vya pamba, na bomba halikatiki kwa urahisi. Mabamba nayo hupewa mikunjo, ili vumbi linapogongwa literemke nyuma ya mkunjo badala ya kubebwa tena na gesi.

Vumbi lenyewe nalo lina tabia zake. Likiwa kavu na lenye ukinzani mkubwa wa umeme, chaji hukwama juu ya tabaka lililotua kwenye bamba badala ya kupenya kwenda ardhini. Tabaka hilo hatimaye hupasuka kwa ndani na kurusha ioni chanya kuelekea gesi, zikiua chaji ambayo vumbi lilikuwa limeipata. Ndiyo maana katika viwanda vingi vya saruji gesi hunyunyiziwa maji kabla ya kuingia kwenye mtambo, ili ipoe na kupata unyevu. Pampu ya maji ikiharibika, mtambo wa umeme unaweza kuwa mzima kabisa na bado vumbi likatoka.

Asilimia tisini na tisa ya nini?

Kiwanda kikiulizwa kuhusu vumbi lake, jibu la kawaida ni asilimia. Jibu la asilimia 99 huridhisha masikio, na linaweza kuwa la kweli. Lakini lina mambo mawili ambayo mtu wa afya hapaswi kuyapita.

La kwanza ni hesabu. Kanuni inayoitwa ya Deutsch, kwa jina la Walther Deutsch aliyeichapisha mwaka 1922, inaonyesha kuwa ikiwa mabamba ya eneo fulani hunasa asilimia 90 ya vumbi, kuyaongeza mara mbili hunasa asilimia 99, na mara tatu asilimia 99.9. Kila hatua hugharimu chuma na nafasi sawa na ile ya kwanza, na hunasa vumbi dogo zaidi kuliko hatua iliyotangulia. Kwa mhasibu, hatua ya tatu haina faida. Kwa jirani hali ni nyingine: tanuri likitoa kilo 1,000 za vumbi kwa saa, asilimia 99 humwachia kilo 10 na asilimia 99.9 humwachia kilo moja. Tofauti ya chini ya asilimia moja mezani ni tofauti ya mara kumi nje ya ukuta.

La pili ni kwamba asilimia hiyo hupimwa kwa uzito. Chembe moja yenye kipenyo cha mikromita 10 ina uzito wa chembe 1,000 zenye kipenyo cha mikromita moja, zikiwa za kitu kilekile. Mtambo unaweza kunasa chembe kubwa zote, ukajipatia karibu alama zote za mtihani, na kuachia kundi kubwa la chembe ndogo ambazo mizani haizitambui. Na hivyo ndivyo inavyoelekea kutokea. Chembe kubwa hupokea ioni nyingi zinazosukumwa na uga. Chembe ndogo sana hutikiswa huku na huku na molekuli za gesi hadi zikutane na ioni. Zile za katikati, kati ya takribani mikromita 0.1 na moja, hazinufaiki sana na njia yoyote kati ya hizo mbili, nazo ndizo ngumu kuliko zote kunaswa.

Mwili wa binadamu una mitego yake pia. Pua na koo huzuia sehemu kubwa ya chembe zinazozidi mikromita 10. Chembe ndogo kuliko hizo hutua katika njia za hewa, ambako makamasi na vinyweleo huzipandisha juu zikakoholewa au kumezwa. Zile zisizozidi mikromita 2.5 huweza kufika kwenye vifuko vya hewa, mahali pasipo na vinyweleo vya kuzisafisha. Chembe za nusu ya mikromita hivi huyashinda hata mapafu: nyingi huvutwa ndani na kutolewa tena bila kutua. Huo si msamaha, kwa kuwa chembe hizo huelea hewani kwa siku nyingi, husafiri mbali kuliko vumbi la juu ya bati, na hupenya ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Kinachovutwa mchana na usiku kwa miaka hujumlika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilishusha kiwango cha wastani wa mwaka cha chembe zisizozidi mikromita 2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mwaka 2013 wakala wake wa utafiti wa saratani ulikwisha kuuweka uchafuzi wa hewa ya nje, pamoja na chembe zilizomo ndani yake, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Chembe hizi huhusishwa pia na shambulio la moyo na kiharusi. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayeishi upande ambao upepo huelekea kutoka kiwandani hapaswi kuulizwa chumvi peke yake.

Vumbi la saa nane za usiku

Majirani wa viwanda vya saruji mara nyingi huwaambia wahudumu jambo linalofanana: mchana hakuna kitu, ila usiku huamka wakikohoa na asubuhi hukuta unga kwenye sufuria zilizolala nje. Wengi huamini kuwa kiwanda huzima mtambo gizani ili kubana matumizi. Sina njia ya kulithibitisha wala kulikanusha hilo kwa kiwanda chochote. Ila yapo maelezo mengine ambayo hayahitaji hila.

Kuni au makaa yasipoungua vizuri hutoa kaboni monoksidi, na ndivyo ilivyo kwa tanuri. Gesi hiyo ikizidi na kukutana na cheche za elektrodi inaweza kulipuka. Kwa hiyo mitambo ya umemetuamo katika viwanda vya saruji hufungwa kifaa kinachokata umeme chenyewe mara kaboni monoksidi inapopanda. Kwa dakika hizo gesi huendelea kupita, na vumbi lote hupita nayo. Hali huwa hiyohiyo umeme unapokatika, na wakati tanuri linapowashwa upya. Wastani wa mwezi unaweza kuonekana mzuri huku mtoto mwenye pumu akiwa amepokea vumbi la siku nzima ndani ya robo saa. Mifuko ya kitambaa haina cheche, na hii ni sababu mojawapo iliyovifanya viwanda vingi vya saruji kuhamia huko.

Kwa mantiki hiyo, saa ya kukohoa ni taarifa ya kitabibu. Mzazi akiandika kwenye daftari tarehe na saa ambazo kifua cha mtoto kilibana, na mhudumu akalinganisha wagonjwa kadhaa wa mtaa mmoja, saa zinazofanana zitasema jambo ambalo wastani hauwezi kulisema. Orodha ya namna hiyo ina uzito pia mbele ya ofisa wa mazingira, maana kiwanda nacho huweka kumbukumbu za saa ambazo mtambo ulizimika.

Dohani safi, karakana chafu

Lipo kosa ambalo sisi wa afya tunaweza kulifanya tukishaelewa mtambo wa dohani: kudhani kuwa unamlinda mfanyakazi. Humlinda jirani. Anayefunga mifuko ya saruji hapumui hewa ya dohani, bali hewa ya chumba chake. Julius Mwaiselage na wenzake, katika utafiti wao juu ya kiwanda cha saruji nchini Tanzania uliochapishwa kuanzia mwaka 2004, walikuta uwezo wa mapafu wa wafanyakazi waliokuwa kwenye vumbi ukiwa chini kuliko wa wasiokuwa kwenye vumbi hilo, na madhara yakiongezeka kadiri vumbi lililovutwa kwa miaka lilivyojumlika. Sehemu zilizokuwa na vumbi jingi ni za winchi, za ufungashaji na za kusaga mawe. Hakuna elektrodi ya dohani, iwe na miiba au vinyweleo, inayofika huko. Huko kunahitajika feni za kufyonza vumbi palepale linapozaliwa, maji, na barakoa zilizotengenezwa kwa ajili ya chembe laini na zinazobana uso vizuri. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia kokoto kuliko vumbi.

Anayesaga mawe ana hatari ya ziada, kwa sababu mawe na mchanga huwa na silika. Silika huleta makovu ya mapafu yasiyotibika, na huongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyewahi kufanya kazi ya namna hiyo aulizwe miaka mingapi, hata kama aliiacha zamani.

Neno moja kwa wenye pumu wanaonunua mashine za kusafisha hewa ya nyumbani. Baadhi ya mashine hizo hufanya kazi kwa korona, kama mtambo wa kiwandani ulivyo, na korona hutengeneza ozoni, gesi inayochoma njia za hewa. Korona chanya hutoa ozoni kidogo kuliko hasi, na kwa hiyo hupendelewa majumbani. Hata hivyo, kwa mwenye pumu ningechagua mashine ya kichujio cha karatasi isiyo na umeme wa ioni, na ningeitilia shaka yoyote inayosifiwa kwa harufu ya hewa baada ya radi. Harufu hiyo ni ya ozoni.

Kuhusu jalada la mgonjwa, maneno "mfanyakazi wa kiwandani" hayatoshi. Andika sehemu aliyofanyia kazi, kwa miaka mingapi, kama alivaa barakoa na ya aina gani, kama aliwahi kuingia ndani ya mtambo wa kunasa vumbi kuusafisha, na matokeo ya kipimo cha upumuaji kila kinapofanyika. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, na dai la ugonjwa wa kazi hutegemea maandishi ya namna hiyo. Kwa jirani asiyeajiriwa kiwandani mfuko huo haumhusu. Kwake andika umbali wa nyumba, upande wa upepo, na saa.